Madume Saba Chumbani Kwangu

Nianze na aibu yenyewe, maana nikiiacha mwishoni nitaikwepa, najijua. Wakati natibiwa saratani nilipanda bangi chumbani kwangu. Kuvuta sikuvuta, nilipanda tu. Niliilea karibu miezi mitatu, nikaifunga kamba, nikaikata vikonyo, nikaizalisha mpaka ikafika miche saba. Nilimficha mama yangu mzazi, ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani, na nikakosana na kila mtu aliyetaka kuingia kunisalimia. Halafu ikaja kuonekana miche yote saba ni madume. Bangi dume haimsaidii mtu kitu. Ni sawa na mtu aliyefuga majogoo saba, kila asubuhi anaamka kwenda kutafuta mayai.

Haya, umeshacheka. Sasa tuendelee. Naandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye lile benchi la mbao nje ya wodi ya saratani, una blanketi kwenye mfuko wa rambo, unasubiri jina lako liitwe. Soma taratibu. Najua una muda.

Naitwa Deo, wa Keza, wilaya ya Ngara. Shule niliishia kidato cha pili. Wengine wanasema waliichoka shule. Mimi shule ndiyo ilinichoka. Kabla ya kuugua nilikuwa kibarua kwenye kitalu cha miche ya kahawa. Pale kwetu hatukupanda mbegu, tulikata vikonyo. Unachagua mti unaozaa vizuri, unakata kijitawi, unakichomeka kwenye mchanga wenye maji maji, unakifunika na nailoni kipate jasho, na baada ya wiki kadhaa kinaota mizizi. Ule mche siyo mtoto wa ule mti. Ni mti ule ule, umeanza upya. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza kazini na nililijua kama ninavyojua jina langu. Likumbuke, maana mimi nililisahau siku niliyolihitaji.

Ugonjwa ulianzia shingoni upande wa kushoto. Uvimbe mdogo, hauumi. Rafiki yangu Salumu, mwenye duka pale senta, ndiye aliyeuona kwanza.

"Deo, umemeza nini hicho kikakwama?"

"Nimemeza deni lako."

"Basi liteme, mimi sina haraka."

Tukacheka, mambo yakaishia hapo kwa miezi miwili. Salumu familia yao ilitoka pwani enzi za babu yake, wakaja na biashara ya nguo, wakabaki. Amezaliwa Ngara, Kihangaza anaongea kutupita, lakini akifungua mdomo kwa Kiswahili utadhani jana ameshuka Tanga. Mimi na yeye tumekua pamoja. Yeye anasali Ijumaa, mimi nasali nikikumbushwa na Mama.

Uvimbe ukakua. Nikaanza kulowa jasho usiku, shuka unaweza kukamua. Mkanda nikautoboa tundu jipya, kisha jingine, mpaka mkanda ukawa mashimo kuliko ngozi. Mama akanipaka majani, akanisomeshea misa, kisha akanipeleka zahanati. Zahanati wakanipa rufaa, nako nilikopelekwa wakanipa rufaa nyingine, nikawa kama barua isiyojua mwenyewe ni nani, mpaka nikafika Mwanza. Wakakata kinyama shingoni, wakakipima. Daktari akaniita na Mama, akasema, "Ni saratani ya tezi. Hii inatibika." Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu. Mama alisikia nusu ya pili tu. Tukatoka pale kila mtu na habari yake.

Nilipangiwa dripu sita, kila moja baada ya wiki tatu, vipimo vya damu vikikubali. Tangu hapo sikuhesabu tena tarehe, nilihesabu dripu.

Dripu ya kwanza ilikuwa kiangazi, vumbi la barabarani limenijaa hadi kwenye meno. Mama alinisindikiza. Kitanda cha pembeni alikuwepo mzee mmoja wa Geita, mrefu, miguu imepita kitanda, anaitwa Mzee Masanja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo yako ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Aaa, mgeni wetu huyu. Karibu sana. Leo utakula chakula cha hospitali, kesho chakula kitakukula wewe."

Hakudanganya. Nilitapika njiani kutoka Mwanza hadi nyumbani. Nilitapika kwenye mfuko, nilitapika kwenye kofia yangu, na Biharamulo tuliposimama nilitapika mbele ya mama muuza maandazi, akahamisha beseni lake. Nyumbani nilitapika siku tano. Maji yenyewe yalikuwa na ladha ya msumari.

Wiki ya pili nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Nikazivuta, zikaja kirahisi kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Nikamaliza kazi kwa wembe. Nyusi nazo zikaondoka bila kuaga. Nikajiangalia kwenye kioo, nikaona yai lenye masikio.

Dripu ya pili nilienda peke yangu. Mvua za kwanza zilikuwa zimegusa, Mama alikuwa na maharage ya kupanda, na tusipopanda hatuli. Nilimwambia mwenyewe abaki, nikasema mimi ni mwanaume. Halafu mwanaume akalia kwenye basi kuanzia Lusahunga mpaka Runzewe, kofia imeshuka usoni watu wadhani amelala.

Sasa hapa sikiliza, maana ndipo nilipokosea. Nesi wa pale wodini alikuwa dada mmoja mpole. Kila dripu alikuja na daftari lake.

"Kaka Deo, nyumbani ulitapika?"

"Mimi? Chakula cha Mama kikiingia kinaogopa kutoka."

Akacheka. "Wewe una raha zako. Unakula?"

"Nakula kama bwana harusi."

Akacheka tena, akaandika, akaenda kwa mwingine. Nilifurahi nimemchekesha. Sikujiuliza ameandika nini.

Mzee Masanja hakucheka. Nesi alipoondoka akageuza shingo. "Kijana, wewe huli. Unaonekana mbavu mpaka juu ya shati. Mimi nikirudi nyumbani navuta kidogo ile kitu, ndiyo chakula kinakaa." Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa karatasi ya kufungia vidonge imekunjwa. Ndani mbegu sita. "Usinunue ya watu, hujui wamechanganya nini. Panda."

"Mzee, nitafungwa."

"Panda ndani."

Simshauri mtu afanye nilichofanya. Mbali na polisi na mahakama, mtu mwenye dripu mwilini hajui kitu kama kile kitagombana vipi na dawa zake. Lakini wakati ule ningeweza kupanda hata misumari kama ningeambiwa inazuia kutapika.

Pale nyumbani nina kijumba changu cha pembeni, chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja linalotazama njia ya watu waendao kisimani. Juu kuna bati moja la plastiki, lile linalopitisha mwanga, nililiweka zamani kwa sababu ya uvivu wa kuwasha taa. Nilikata dumu la mafuta, nikatia udongo, nikafukia mbegu sita. Ikaota moja.

Siku ile jani la kwanza linatokeza mimi nilikuwa nimetoka kutapika, nimelala ubavu sakafuni kwenye ubaridi, jicho langu na lile jani usawa mmoja. Sitasahau. Mwili wangu wote ulikuwa unapukutika, kucha zimeanza kuwa nyeusi, halafu kitu hiki kimoja humu ndani kinakua.

Kikakua kwa fujo. Kilifuata lile bati kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Wiki nne tu kimefika usawa wa dirisha, na nje wanapita wamama na ndoo. Nikakumbuka kazi ya kitalu, jinsi tulivyokuwa tunalaza mti wa kahawa ili utoe machipukizi. Nikachukua kamba ya katani, nikakiinamisha taratibu kila siku kidogo, nikakifunga kwenye mguu wa kitanda. Kikawa kinatambaa badala ya kupanda. Matawi ya pembeni nayo yakainuka, nikayafunga nayo, moja mguu wa mbele, moja mguu wa nyuma. Nikigeuka kitandani, shamba zima linatikisika.

Kisha nikaogopa. Mche mmoja ukifa je? Basi nikakata vikonyo sita, mkato wa mshazari kama tulivyofundishwa, nikavichomeka kwenye mchanga, nikavifunika na chupa za maji zilizokatwa. Vyote vikashika. Kitalu kizima sikuwahi kupata vikonyo sita kwa sita. Nilitamani kumwita msimamizi wangu wa zamani aone, nikakumbuka siwezi kumwita mtu yeyote.

Ndiyo hivyo. Mtu mwenye bangi saba chumbani hawezi kumwita mtu yeyote.

Niliweka komeo kwa ndani. Mama akaja na uji.

"Deo, fungua mrango." Mama Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni, herufi "l" huwa anaipitia mbali.

"Weka hapo chini, Mama. Daktari amesema nijihadhari na vijidudu."

"Mimi ndiye kijidudu?"

"Siyo wewe, Mama. Ni vya nje."

Daktari alisema kweli nijihadhari na watu wenye mafua. Hakusema nimfungie mama yangu nje. Mama akaweka kikombe chini, nikasubiri aondoke. Hakuondoka. Nikasikia anakaa, nikasikia shanga za rozari zinagongana. Alimaliza rozari nzima mgongo wake ukiwa kwenye mlango, mimi niko upande wa pili, katikati yetu ubao wa inchi moja. Uji ukapoa. Alipoondoka nikafungua kidogo, nikavuta kikombe ndani kwa mkono mmoja kama mbwa anayevuta mfupa.

Siku nyingine aliuliza, "Chumba chako kinanuka nini?"

"Dawa, Mama."

Uongo huo nao ulikuwa na nusu ya ukweli. Niligundua kwamba uongo wa nusu unachosha kuliko uongo mzima, maana lazima ukumbuke nusu ipi.

Salumu alikuja baada ya dripu ya tatu, ile iliyoahirishwa karibu wiki mbili kwa sababu damu yangu ilikataa. Aligonga kwa sarafu, mtindo wake.

"Hodi! Deo, nimekuletea juisi, na maneno ya watu nimeyabeba pia."

"Salumu, daktari amekataza wageni."

Sarafu ikaacha kugonga.

"Mimi mgeni?"

Nilikuwa na mkono kwenye komeo. Nilitazama nyuma, ile miche imekaa mstari chini ya bati, ule mkubwa umefungwa kwenye kitanda kama ng'ombe wa mnada. Salumu hana mdomo mrefu, hilo nalijua. Lakini ana mke, mke ana dada, na dada ameolewa na mgambo. Nikatoa mkono.

"Ndiyo amri ya daktari, bwana."

"Haya. Mimi mgeni." Akaweka juisi chini. Nilimsikia anavyoondoka, ndala zake zinapiga visigino, zinakwenda, zinakwenda, kimya. Tangu siku hiyo hakugonga tena. Nikajisemea, watu wa duka ndivyo walivyo, ukiacha kununua wanakusahau. Nilijua namsingizia. Lakini ukiwa peke yako ni nafuu kukasirika kuliko kukumbuka kwamba mwenye komeo ni wewe.

Dripu ya nne maharage ya Mama yalikuwa yametoa maua. Nilifika wodini na hamu moja tu, kumwonyesha Mzee Masanja kazi yangu. Simu yangu ya kitochi haina kamera, nikamwelezea kwa mdomo, kwa sauti ya chini.

"Na sasa zimeanza kutoa vitu, mzee. Vifuko vidogo vya kijani, vinaning'inia kwenye vifundo."

"Vinaning'inia?"

"Vinaning'inia. Viwili viwili."

"Kama mali ya panya?"

Nikafikiri. "Ndiyo, kama hivyo."

Mzee alicheka mpaka stendi ya dripu yake ikaanza kutembea. Nesi akaja kukimbia akidhani amezidiwa.

"Kijana, umefuga dume!" alisema alipopata pumzi. "Dume halina kitu! Ng'oa, tupa."

"Basi ni ule mmoja. Ninayo mingine sita."

"Ulipata wapi mbegu nyingine?"

"Sikutumia mbegu. Niliikata kwenye ule ule."

Akanitazama. Akafuta machozi kwa pembe ya shuka. "Sasa wewe, dume ukilikata mara sita linageuka jike?"

Miaka minne kwenye kitalu. Siyo mtoto wa ule mti, ni mti ule ule. Nililisema mdomoni kila siku kwa vibarua wapya, nikiwa na bakora ya kuelekezea kama mwalimu. Hata mpapai dume tunao pale nyuma ya choo, kila mwaka Mama anatishia kuukata. Nilicheka na mzee mpaka dripu yangu nayo ikachomoka. Ile ndiyo ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote za matibabu.

Njiani nikaamua: nikifika nang'oa yote, nafungua dirisha, namwita Mama aingie. Nikafika. Nikashika shina la kwanza, lile la zamani. Lilikuwa na unyevunyevu wa asubuhi, majani yameelekea kwenye bati. Nikakaa kitandani. Nikasema nitang'oa kesho. Kesho yake nikayamwagilia.

Sijui kama mtu asiyeumwa atanielewa. Hayakuwa na faida tena na bado nilifunga komeo kwa ajili yake. Kila kitu mle ndani kilikuwa kinaniuliza siku ngapi zimebaki, isipokuwa yale majani. Yalitaka maji, basi.

Dripu ya tano, kitanda cha pembeni kulikuwa na mama mmoja amejifunika hadi kichwani. Nikamuuliza nesi, "Mzee Masanja amebadilishiwa siku?"

Akapanga vichupa vyake kwenye sinia. "Hakuja."

"Atakuja lini?"

"Kaka Deo, unyooshe mkono." Akatafuta mshipa, akaukosa, akatafuta mwingine. Baadaye akauliza, "Unatapika?"

Sikuwa na mzaha mpya. Nikatumia wa zamani. Akatabasamu hivyo hivyo, akaandika.

Siku kumi baada ya hiyo ndipo kilipotokea chenyewe. Mama alikwenda msibani Rulenge, alale huko siku mbili. Aliniachia uji kwenye chupa ya chai, akasema kwa nje, "Mwana wanje, mwanangu, nikirudi nataka nikuone uso." Nikasema sawa.

Asubuhi niliamka natetemeka. Jua linawaka juu ya bati, mimi nasikia baridi kama nimelala mtoni. Nikajifunika blanketi, koti, gunia. Meno yanagongana. Nilijua habari ya homa, tuliambiwa siku ya kwanza: ukipata homa usisubiri, njoo hospitali yoyote siku hiyo hiyo. Nikasema nitapumzika kidogo. Nikajaribu kusimama, miguu ikakataa, nikaanguka kati ya madumu, kamba moja ikakatika na lile dume kubwa likainuka juu yangu likiyumba.

Komeo nililiona. Liko usawa wa kifua cha mtu aliyesimama. Kutoka pale nilipolala ni hatua tatu za mtu mzima. Nilitambaa moja. Simu iko kitandani, haina chaji. Nikajaribu kuita, ikatoka sauti ya kifaranga. Nje nikasikia wamama wanapita na ndoo wanaongea habari ya bei ya mchele, wakapita, wakaisha. Wale wamama wangenibeba mgongoni hadi barabarani kama ningekuwa naonekana. Nilikuwa nimejificha vizuri mno.

Nikafikiri: nitakufa hapa, Mama atarudi, watavunja mlango, na kitu cha kwanza atakachoona ni bangi, cha pili ni mimi. Hilo lilinitisha kuliko kufa. Nililia bila machozi, maji mwilini yalikuwa yameisha.

Halafu mlango ukalia. Siyo hodi. Ulilia kama unang'olewa jino. Ukalia mara ya pili, komeo likaruka, likagonga dumu, na Salumu akaanguka ndani na nondo mkononi, kofia yake ya swala imekaa upande.

Akanitazama. Akatazama chumba. Akanitazama tena.

"Lahaula! Deo, hii nini? Bustani?"

Nilitaka kumjibu kitu cha kuchekesha. Midomo ilikuwa imeshikana.

Hakuuliza tena. Akanitupa begani, na wala sikuwa mzigo, nilikuwa kilo za mbuzi. Akarudishia mlango kwa mguu, akauegemezea nondo kwa nje watu wasichungulie. Akasimamisha bodaboda, akaniweka katikati, yeye nyuma amenikumbatia kama mchumba, kichwa changu kimelala kwenye mgongo wa dereva. Njia yote alikuwa ananisemesha sikioni, "Usilale, Deo. Usilale, bwana. Nitukane basi, usilale."

Hospitali walinitundikia dripu nyingine, hii ya kuua vijidudu. Walisema chembe za damu za kunilinda zilikuwa zimekwisha kabisa, na kwamba ningechelewa mpaka jioni ingekuwa habari nyingine. Nililala pale siku tisa.

Mama alifika siku ya pili, bado na kitenge cha msibani. Salumu alikuwa amemweleza. Alikaa kwenye stuli, akashika mguu wangu juu ya shuka.

"Nimezitumbukiza chooni," alisema. "Zote. Nimekata kwa panga."

"Nisamehe, Mama."

"Nimemwambia Padre kwenye kitubio. Ameniuliza kama ni dhambi yangu au yako. Nimemwambia andika yangu, huyu hana nguvu."

Nikaanza kucheka, mbavu zikauma. Mama hakucheka. Machozi yalikuwa yanamshuka anayafuta kwa kitenge.

"Ungeniambia tu, Deo. Kama ni za kukusaidia kura, ningezimwagiria mimi mwenyewe." Akapenga kamasi. "Halafu ukipona ningezing'oa."

Dripu ya sita ilisogezwa mbele mpaka damu ilipopanda, maharage yalikuwa yameshavunwa yanapigwa uani. Safari hii Mama alinisindikiza, na nesi alipofungua daftari lake nikamwambia kwanza aweke kalamu chini. Nikamwambia kila kitu. Siku tano za kutapika kila dripu, siku ambazo kinywa kilikuwa kidonda kitupu, kilo, machozi ya kwenye basi. Hakucheka. Akarudisha kurasa nyuma, akanionyesha kwa kidole. Dripu ya pili: hatapiki, anakula vizuri. Ya tatu: hatapiki. Ya nne, ya tano, hatapiki, hatapiki.

"Wewe ndiye uliyeniandikisha hivi," alisema. "Kaka Deo, kuna dawa za kuzuia kutapika. Kuna za aina mbili. Zipo hapo kabatini muda wote huu."

Zilinisaidia. Siyo muujiza, lakini baada ya dripu ya sita nilitapika siku moja tu, na siku ya tatu nikala ndizi na maharage mapya, sahani nzima, Mama amekaa mbele yangu anahesabu vijiko kama refa.

Kwa hiyo wewe wa kwenye benchi, ukiulizwa unatapika, sema natapika. Sema mara ngapi. Mzaha uweke mfukoni, utautumia ukitoka. Na mlango usifunge kwa komeo.

Sasa mahindi yamepita kichwa changu. Nywele zimerudi laini kama za mtoto wa wiki mbili, Mama anazishika kila nikiinama. Daktari hajasema nimepona, amesema tuonane baada ya miezi mitatu. Kijumba changu kina mlango mpya, Salumu ndiye aliyeleta fundi.

Juzi nilikuwa nimekaa naye kwenye ngazi ya duka lake, hakuna wateja. Nikamuuliza kitu ambacho nilikuwa nakiogopa.

"Salumu, siku ile Mama alikuwa Rulenge. Nani alikwambia nimezidiwa?"

"Hakuna."

"Ulikuwa umeacha kuja kabisa."

"Nani aliacha?" Alinigeukia. "Nilikuwa nakuja kila Jumatano asubuhi, nafunga duka kidogo. Sigongi, maana ulisema mimi mgeni. Nakaa pale nje kwenye tofali."

"Ukifanya nini?"

"Nakusikiliza. Nasikia unaongea humo ndani, unacheka, unaongea tena. Nikajua una mtu wako. Nikasema alhamdulillah, huyu yuko na mwenzake, narudi zangu dukani."

"Sikuwa na mtu, Salumu. Nilikuwa naisemesha miche."

"Mimi ningejuaje?" Akachukua mfuko wa chumvi uliokuwa umeanguka, akaupanga, akakaa tena. "Jumatano ile nilifika saa nne. Hukucheka. Nikasema amelala, nitasubiri acheke ndiyo niondoke. Saa tano, hakuna. Nikasikia adhana ya adhuhuri, bado hujacheka. Nikaenda kuchukua nondo."